Kisa cha samaki jani aliyetiliwa dawa ya ugonjwa asokua nao

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, picha mbili na sauti fupi. Picha zenyewe hazikunambia kitu, tangi lina taa ya buluu, kuna jiwe, na pale kwenye jiwe kuna kitu cha manjano kama jani la mkungu lilokauka nusu likanasa. Sauti ndo ilonishtua: "Mwanangu, yule samaki anachunika ngozi mwili mzima, nimetia dawa walonipa dukani, lakini sasa naona kamba kalala chali. Njoo asubuhi kabla jua halijapanda."

Huyu namwita Mwalimu manake alinisomesha darasa la sita, saa hii amestaafu anakaa Nyali, Mombasa, na wajukuu wawili na tangi la lita 200 ambalo watoto wake walimnunulia. Mimi kazi yangu hasa ni fundi wa friji. Matangi ya samaki niliyaingilia kwa mlango wa nyuma, mtu aliniita nimtengenezee chila ya kupoza maji, nikakaa namtazama samaki nikasahau kudai pesa, na tangu hapo nikaanza kuitwa huku na huku. Kwa hivyo sijidai mtaalamu wa samaki, ila maji na joto na umeme navijua, na kisa hiki nimekiandika kirefu kwa sababu makosa yalofanyika hapa nishayaona kwa watu wengine watatu wanne, na moja katika hayo makosa ni langu mimi mwenyewe, ntalifikia.

Kwanza mjue samaki mwenyewe. Wengi tunamwita samaki jani tu, jina la kisayansi ni Taenianotus triacanthus, alopewa na Mfaransa Lacepède mwaka 1802. Hafiki mbali kwa ukubwa, kama sentimita 10 ndo mwisho, na ukimtazama ubavuni unaona samaki mpana mwenye pezi la mgongo lilosimama kama tanga, lakini mtazame kwa mbele, ni mwembamba kama kadi ya benki ilosimamishwa kwa ubavu. Wapo wa manjano, wekundu, waridi, kahawia, weusi, hata weupe. Anapatikana kuanzia huku kwetu Afrika Mashariki mpaka kule Galapagos, kwa hivyo si mgeni wa kuletwa na ndege, ni jirani ambae hatujawahi kumuona tukiwa tunamkanyagia mlangoni. Ni katika jamaa za yule samaki jiwe ambae watu wanaosaka pweza maji yakipwa wanamuogopa kuliko papa, na yeye pia ana miiba mgongoni. Maisha yake yote ni kukaa kwenye jiwe na kuyumba. Mawimbi yakija kulia anayumba kulia, yakirudi anarudi, kama jani la mwani lilokufa, na uduvi au kisamaki kikikosea kupita mbele ya mdomo basi hakionekani tena. Ukikaa mbele yake dakika kumi huoni kitu. Ndo ustadi wake huo, kutokuonekana, na ustadi huo huo ndo ulotaka kumuua kwa Mwalimu.

Nilifika saa moja na nusu asubuhi. Ilikua mwezi wa kwanza, kaskazi imekaza, Mombasa nzima inatokota. Kipima joto kwenye tangi kilisema 30.4. Nikainamisha kichwa ndani nikanusa, harufu si ya bahari, ni ile harufu ya ndoo ya kamba ilosahauliwa jikoni. Yule kamba msafishaji mwenye mstari mweupe mgongoni yuko chali kweli, na mwenzake yuko nyuma ya pampu, miguu imekunjwa. Konokono wameachia kioo wote, wako chini mchangani midomo juu. Kaa wawili wanaoishi ndani ya makombe wametoka nje ya makombe yao, na ukimuona kaa wa aina hiyo ametoka uchi ujue ndani hakukaliki. Lakini samaki wote wazima! Klaunifishi wawili wanacheza, yule mdogo mwenye mistari sita ubavuni anazunguka kama bodaboda, na samaki jani yuko pale pale kwenye jiwe lake anayumba.

Hapo hata kabla ya kupima kitu nilijua dawa ni ya shaba. Wanyama wasio na uti wa mgongo, yaani kamba, kaa, konokono, matumbawe, hawastahimili shaba hata kidogo, kiwango kinachotibu samaki kwao ni sumu tosha. Nikamwambia Mwalimu naomba nione chupa. Akanletea, na akanieleza kwa uzuri kabisa alivyofanya, manake mwalimu ni mwalimu: maelekezo yalisema kifuniko kimoja kwa kila lita 40, tangi ni la lita 200, kwa hivyo vifuniko vitano. Hesabu haina kosa. Ila tangi la lita 200 lenye mawe na mchanga ndani halina lita 200 za maji, mimi nakadiria lake lilikua na 160, kwa hivyo dawa ilizidi kwa robo. Na shaba si ya kukisia, inataka kipimo chake, utie kidogo, upime, utie tena, na ifanyike kwenye tangi la pembeni lisilo na mawe. Dukani hawakumuuzia kipimo. Hawakumuuliza hata kama ana kamba ndani.

"Walinambia ni ugonjwa wa ngozi," akasema. "Niliwaonyesha picha."

Sasa tuje kwenye ngozi. Nilizima taa za tangi nikawasha tochi ya simu kwa pembeni, mwanga ulale ubavuni mwa samaki, hii ni njia nzuri ya kuona kitu chochote juu ya ngozi jaribuni. Nikaona utando. Si madoa, ni utando mmoja mzima mwembamba kama ule wa juu ya maziwa yalochemka yakapoa, umeshaachia kichwani na kwenye mashavu, unaning'inia nyuma ya jicho na mwisho wake unapepea na maji. Na pale ulipokwisha kubanduka, rangi ya chini yake ni manjano mbichi, safi, kama ndimu ilooshwa. Mwili ulobaki umefifia, una kama ukungu.

Samaki jani hujivua gamba. Si ile ya wanasiasa wa Tanzania ya mwaka 2011 ya kusafisha chama chao, huyu anajivua kweli, kama nyoka, na kwa kawaida ni kama mara mbili kwa mwezi. Utando unaanza kuachia kichwani unaelekea mkiani. Sababu yake ukifikiri inaingia akilini: mnyama anaekaa bila kusogea baharini anaotwa na vitu, mwani, vidudu, kila kinachotafuta mahali pa kushika kinamshika yeye kama kinavyoshika ngalawa ilosahaulika ufukweni, kwa hivyo ananawa kwa kutupa ngozi ya juu. Siku moja mbili kabla anafifia, macho yanaingia ukungu, na mara nyingi hana hamu ya kula. Mtu asiejua akimuona siku hiyo lazima aseme huyu mgonjwa, mimi simlaumu Mwalimu hata kidogo. Namlaumu aliemuuza bila kumwambia.

Tofauti yake na magonjwa yenyewe mtu anaweza kuiona akitulia. Ugonjwa wa madoa meupe, kidudu chake kinaitwa Cryptocaryon irritans, unakuja kama punje za chumvi, moja moja, unaweza kuzihesabu kwenye mapezi. Ule wa vumbi, unaoletwa na Amyloodinium, ni kama samaki kanyunyiziwa unga laini wa dhahabu, na huo ukimshika jambo la kwanza ni pumzi, matamvua yanapiga mbio, samaki anatweta, anakufa ndani ya siku chache. Nilimhesabia samaki jani pumzi kwa dakika nzima, mara 28, na vituo vya kupumzika katikati. Huyo hatweti. Alafu jambo kubwa zaidi: klaunifishi na yule wa mistari sita walikua safi kabisa, hakuna hata mmoja anaejikuna kwenye mawe. Ugonjwa wa kuambukiza unaochagua samaki mmoja na kuwaacha watatu wanaolala nae chumba kimoja huo ni wa ajabu.

Nikataka kumalizia hapo. Wallahi nilikua nishafungua mdomo kumwambia Mwalimu samaki wako mzima, tushughulike na maji tu. Lakini nikapanda kwenye kiti nikamtazama samaki kwa juu.

Hii ndo sehemu ya kisa ambayo nataka mtu aikumbuke, hata kama yote mengine atayasahau. Ubavuni samaki jani anaonekana vile vile akishiba au akifa njaa, manake umbo lake ni la jani, pana na bapa, na tanga lake la mgongoni linaficha kila kitu. Kwa juu ndo anasema ukweli. Samaki aloshiba, mstari wa mwili kutoka nyuma ya kichwa mpaka mwanzo wa mkia umejaa kidogo, kama mbegu ya tikiti. Huyu nyuma ya kichwa palikua pamebonyea pande zote mbili, tumbo limeingia ndani, kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili wote.

"Mwalimu, huyu mara ya mwisho kula lini?"

"Anakula kila siku. Nampa asubuhi na jioni."

"Umemuona kwa macho yako, mdomo unafunguka, chakula kinaingia?"

Akanyamaza. Alafu akasema, "Chakula kinaisha, mwanangu."

Tukafanya jaribio. Nikayeyusha kipande cha kamba wa friza, nikakikata vipande sita vidogo nikavitia mbele kabisa ya samaki jani. Yule wa mistari sita alivichukua vinne, klaunifishi mkubwa viwili, na yote ilimalizika kabla sijashusha mkono. Samaki jani hakugeuza hata jicho. Na kwa nini ageuze? Kwake yeye chakula ni kitu kinachotembea. Kipande cha kamba kinachozama ni takataka, na zile flekisi, chakula kikavu cha samaki cha kwenye kopo, ndo kabisa, ni sawa na kumwekea simba biskuti. Mwalimu alimnunua siku 19 kabla. Siku 19 hakuna kilichoingia tumboni, na hapo bado hatujahesabu siku za duka wala za safari, manake samaki wa mapambo kabla ya kusafirishwa huachishwa kula makusudi siku moja mpaka tatu ili asichafue maji ya mfuko. Wengi wanaovuliwa pwani yetu wanapanda ndege kwenda Ulaya na Marekani, wachache wanabaki kwenye maduka ya hapa, na huyu alibaki akiwa na njaa, akakaa dukani na njaa, akauzwa na njaa, na maneno alouzwa nayo ni "huyu anakula chochote."

Kwa hivyo aligunduliwa ugonjwa asokua nao, na alokua nao hakuna aliemgundulia. Na dawa yenyewe ya shaba ina tabia ya kuwakata samaki hamu ya kula. Yaani tungeendelea siku tano zaidi za dawa, Mwalimu angeamka asubuhi akamkuta samaki kalala ubavu, angesema ugonjwa ulikua mkali mpaka dawa ikashindwa, na dukani wangekubaliana nae.

Kosa langu sasa. Rifraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, ilisoma 40. Maji ya bahari yetu ni kama gramu 35 za chumvi kwa lita, haya yalikua 40. Nikauliza, Mwalimu maji yakipungua unajazia nini? Akanambia ya baharini, si uliniambia nijazie? Na kweli, mwezi wa kumi na mbili nilimfungia feni ya kupuliza juu ya maji kwa sababu chila ni ghali na inakula stima, feni inapoza kwa kuvukiza maji, na nilipokua natoka mlangoni nikasema "yakipungua jazia." Sikusema yapi. Yanayovukizwa ni maji, chumvi inabaki, kwa hivyo unajazia maji yasiyo na chumvi. Yeye mjukuu wake alikua anamletea dumu kutoka ufukweni. Tulipiga hesabu pale pale: lita 160 kutoka 35 mpaka 40 ni gramu 800 za chumvi, ambazo ni kama lita 23 za maji ya bahari, lita moja na kitu kwa siku tangu samaki aingie. Imekaa sawa kabisa. Mwalimu akacheka, akasema hesabu hiyo alinifundisha yeye. Mimi sikuweza kucheka.

Amonia, ile sumu inayotoka kwenye vitu vinavyooza majini, ilikua 0.5, kwa sababu ya konokono na kamba walokufa, na kwa maji ya joto la nyuzi 30 amonia inauma zaidi kuliko kwa maji ya 25. Kwa hivyo tulikua na mambo manne kwa pamoja, shaba, amonia, chumvi na joto, juu ya samaki ambae tatizo lake ni njaa. Usiyatatue yote kwa saa moja. Maiti zote zikatoka kwanza, ndo nikatia kaboni kwenye filta inyonye shaba, nikaongeza pampu ya hewa, alafu tukabadilisha thuluthi ya maji kwa maji mapya ya bahari yalochotwa wakati wa bamvua maji yamejaa, si yale ya ufukweni yenye mchanga. Chumvi tuliishusha mpaka 35 kwa siku tatu. Samaki huvumilia kushushiwa chumvi kuliko kupandishiwa, lakini sikuona haja ya haraka.

Mchanga ulikua wa matumbawe, na mawe vile vile ni ya chokaa, hivi vyote vinaishika shaba vinaiachia kidogo kidogo baadae, unaweza kusafisha maji leo, mwezi ujao ukatia kamba akafa. Mchanga tuliutupa. Mawe saa hii yako kwenye bustani yake, kayapanga kuzunguka mlangilangi, yamependeza kuliko yalivyokua majini.

Samaki jani nilimhamishia kwenye boksi la plastiki la lita 40, filta ya sponji kutoka tangi langu nyumbani, jiwe moja, taa hafifu, maji yanayokwenda taratibu. Msimshike huyu kwa wavu, miiba inanasa kwenye nyuzi, mnaanza kuvutana nae, ndo mtu anachomwa. Zamisha jagi la plastiki, mwelekeze aingie mwenyewe kwa kijiti, umtoe na maji yake. Sumu yake si kama ya samaki jiwe, lakini mimi nawachukulia jamaa hawa wote kama wana sumu. Ikitokea umechomwa, tia mkono kwenye maji moto, kama nyuzi 45, moto wa kuvumilika usiokuunguza, ukae dakika 30 mpaka 90, sumu yao ni protini na joto linaiharibu, alafu nenda hospitali, usikae nyumbani unapaka mafuta ya taa kama tulivyozoea. Na yapime hayo maji kwa mkono ambao haujachomwa, ule wenye maumivu haujui moto ni upi.

Chakula nilikitafuta Mtwapa kwa kijana anaeuza chambo. Uduvi hai, wale wadogo wa kwenye mikoko wasiozidi sentimita mbili, nikawaosha nikawaweka siku moja kwenye ndoo yenye hewa, nikawalisha zile flekisi ambazo samaki jani alizikataa, manake uduvi mwenyewe akiwa na njaa ni ganda tupu. Watu wengine wanawatia vile visamaki vya maji baridi kwa sababu ni rahisi kupata. Kwa siku mbili tatu za dharura sawa, lakini mafuta yao si sawa na ya viumbe wa bahari na samaki akizoea hivyo anadhoofika pole pole huku tumbo limejaa.

Jioni ya siku ya pili, utando ulikua umeshatoka wote, tukamtilia uduvi mmoja. Mwalimu kavuta kiti, miwani puani. Uduvi akatua chini, akapanda jiwe, akapita mbele ya samaki kama sentimita tatu. Hakuna kilichotokea. Akapita tena. Samaki jani akaanza kuyumba, na mimi nikadhani ni yale yale ya siku zote, kumbe kila akiyumba kwenda mbele anarudi nusu tu. Anasogea! Mapezi ya chini yanashika jiwe kama vidole, hatua moja, anayumba, hatua moja. Alafu sikuona. Wallahi nilikua natazama na sikuona. Uduvi alikua pale, kisha hayupo, na pembeni mwa mdomo wa samaki zimetokeza sharubu mbili nyembamba zinatikisika. Akameza mara ya pili, zikaingia.

"Mpe mwengine," Mwalimu akasema, kama anazungumza na mpishi.

Nikamwambia hapana, samaki alokaa na njaa siku nyingi usimjaze, watatu kwa siku wanatosha, wadogo, mpaka mwili urudi. Walafi hawa, wakipata kitu kikubwa wanameza, kikikaa tumboni kikaoza kabla ya kusagika ndo mwisho wao.

Siku ya tano tukaanza darasa. Uduvi hai hawapatikani kila siku, mvua ikinyesha Mtwapa yule kijana haendi, kwa hivyo lazima samaki akubali kamba alokufa. Nikang'oa chelewa moja kwenye ufagio, nikaichomeka kamba wa friza kwenye ncha kwa ulegevu, nikawa naitikisa mbele yake, kidogo, simama, kidogo, simama, kama uduvi anavyotembea. Siku ya tano hapana. Ya sita hapana. Ya saba akasogea hatua mbili akaghairi, naona mkono wangu ulikua unatetemeka. Siku ya nane Mwalimu akaninyang'anya chelewa, akasema mkono wangu ni wa kushika spana. Siku ya tisa akanipigia simu saa mbili asubuhi anacheka mpaka simuelewi. Kala kwenye chelewa.

Kuna swali aliniuliza katikati ya haya yote, na nalileta kwa sababu najua wengi wanalifikiria: si tumrudishe tu baharini, kwao si hapo chini? Nilimjibu hapana, na roho ilikua inauma. Huyu kakaa dukani kwenye maji ya pamoja na samaki wa kutoka pembe zote, hatujui kabeba nini, ukimrudisha unarudisha na alivyobeba. Na hatujui alivuliwa wapi. Akaridhika nusu. Mimi pia naridhika nusu, kusema kweli naona samaki huyu asingefaa kuuzwa kwa mtu anaeanza, na ukiwa unamtaka basi muambie muuzaji amlishe mbele ya macho yako, umuone akifungua mdomo. Akikataa kukuonyesha, ondoka.

Samaki alirudi kwenye tangi kubwa wiki ya sita, mchanga mpya, mawe mapya, chelewa imetundikwa pembeni kwa uzi. Yule wa mistari sita nilimchukua mimi, hawa hawafai kukaa pamoja, mmoja ni bodaboda na mwengine ni jiwe. Klaunifishi wamebaki, wanakula upande wa pili kwanza, wakishughulika huko ndo samaki jani anapelekewa chelewa yake. Kamba wasafishaji hatukuwarudisha, na si kwa sababu ya shaba tu, mimi naona mapema au baadae wangeingia kwenye ule mdomo. Maji ya kujazia ni yale ya mtungi wa lita 20 ya dukani yasiyo na chumvi, na nimeandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi nikabandika juu ya feni: MAJI YA KUNYWA, SI YA BAHARI. Karatasi hiyo ni adhabu yangu mwenyewe.

Na nilimwambia aweke daftari. Kwa samaki anaeogelea, macho yanatosha, akiacha kuogelea unajua kuna jambo. Huyu akiwa mzima hasogei, akiwa mgonjwa hasogei, akifa pia kuna siku utapita mara tatu unamsalimia, kwa hivyo kitakachokwambia hali yake ni tarehe. Kala lini, kajivua lini, kwa juu yukoje. Mwalimu kachukua daftari la mistari la kurasa 96 na kalamu nyekundu, na nikienda huwa ananionyesha. Ukurasa mmoja uko hivi, nimeunakili kwa ruhusa yake:

"Jumatatu, kala 2. Juu: mnene.
Jumanne, kala 1, wa pili kamtema. Rangi imefifia.
Jumatano, hajala. Macho kama yana moshi.
Alhamisi, hajala. Anapiga miayo sana. Pumzi 30.
Ijumaa, ngozi ya kichwa imeachia baada ya swala. Jioni yote imetoka. Manjano mpaka inaumiza macho.
Jumamosi, kala 3, anataka na kijiti."

Sasa ni mwezi wa tisa tangu ile asubuhi ya konokono chali. Juzi usiku simu imelia saa tatu, saa ile ile, nikaona jina lake moyo ukapiga. Picha moja, utando mweupe umenasa kwenye jiwe umebaki na umbo la pezi, na chini yake kaandika: "Mwanangu, kajivua tena. Sijatia kitu."